Jina la Juu Kabisa

Karani wa stoo aliona wenzake wamepanga foleni kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni kwa meneja, akaikimbilia. Hakusoma, maana kusoma ni kuchelewa. Alipenya kwa viwiko, akaliandika jina lake kwa kulibana juu ya jina la kwanza, la mhasibu, mshindani wake wa miaka sita.

“Hongera, mwanangu,” mama wa usafi alimwambia. “Hao wanaacha kazi kwa hiari. Mhasibu keshapata kwingine. Wewe je?”

Hakuwa na kwingine. Akachomoa kalamu ajifute.

“Jifute, bwana,” mhasibu akacheka, “nirudi namba moja.”

Karani akairudisha kalamu mfukoni.

“Thubutu!” alisema, akaenda kufungasha vitu vyake.