Kushusha Gari la Ngigi

Mtaani Tassia watu hupandisha magari. Ukinunua gari leo, kesho uko kwa fundi likitiwa spesa, zile bonge zinazokaa juu ya springi ili tumbo la gari lisikwaruzwe na matuta. Ngigi naye alikuwa ameipandisha Toyota yake inchi mbili, na hakuna aliyemwona mjinga. Sasa alikuwa amesimama kwenye gereji ya Idarusi kule Mbotela, akitaka ishushwe.

Sababu alikuwa nayo, ila aliificha. Mamake, Bi Waringa, aliyeuza vitunguu Muthurwa miaka nenda miaka rudi, aliteleza sokoni akavunjika nyonga. Akafanyiwa upasuaji, akatiwa chuma, akaanza kutembea kwa mkongojo. Kutembea haikuwa shida. Shida ilikuwa kupanda gari. Mara mbili wapangaji walimwinua kama gunia la waru hadi kitini, watoto wa ploti wakikodoa macho. Mara ya pili alisema hatabebwa tena, na kama kanisani hakufikiki bila kubebwa, basi Mungu anajua anapokaa. Tena akamkataza Ngigi kumtajia mtu habari za nyonga yake. Jumapili nne zikapita hajatoka nje ya lango, na Ngigi aliumia kumwona akinyauka.

"Niaje boss," Idarusi alimwambia, akijifuta grisi. "Unataka ikae chini kiasi gani?"

"Chini kabisa."

Idarusi akacheka. "Unaishi Tassia na unataka gari ya kulala chini? Haya. Ya kwanza, tunatoa tu hizi spesa. Ya pili, kuna wanaokata springi na grinda. Hiyo mimi sifanyi, springi iliyokatwa huchomoka ukiingia shimo. Ya tatu ni hizi springi fupi za Japan, ngumu kidogo, na shoki zake. Ziko pia za kuzungusha, unapandisha na kushusha vile unataka, lakini tope ya huku ikishaingia kwa nyuzi zake, hazizunguki tena."

"Nipe hizo fupi. Na spesa utoe."

"Zote mbili? Hiyo ni karibu inchi nne. Kwani unabeba nani?"

Hapo ndipo angesema. Mficha uchi hazai, lakini Ngigi alijikaza kisabuni. "Naipenda tu ikikaa hivyo."

Idarusi alimtazama yule mtu mzima mwenye kitambi, anayefunga dishi za televisheni na kubeba ngazi juu ya gari, akatikisa kichwa. Kisha akaingiza jeki.

Jumapili Bi Waringa alifungua mlango mwenyewe. Akageuka, akajishusha kitini, akaingiza mguu mmoja, kisha wa pili. Ngigi nusura alie kwa furaha. Kila tuta lilikwaruza tumbo la gari, na mama akaimba pambio kwa sauti ya kuzidi hizo kelele.

Walipofika, waumini walikuwa wamejaa langoni. Bi Waringa akatoa miguu nje, akashika mlango, akajisukuma. Hakuinuka. Kiti kilikuwa chini mno, magoti yake yamepita nyonga, na nyonga ile haikuwa na nguvu ya kumtoa. Akajaribu tena. Wanaume wanne wakaja mbio, mikono mbele.

"Niacheni!"

Wakamwacha. Alibaki pale pale mlango ukiwa wazi, akasikiliza ibada nzima kupitia spika, machozi yakimtoka. Ngigi alisimama kando yake akijichukia.

Ibada ilipoisha, mamake ndiye aliyeanza. "Uliniuliza?"

"La, mama."

"Kuingia mtu hujiangusha tu. Kutoka ndiyo kazi. Daktari alinikataza viti vya chini, na wewe umeninunulia kimoja. Nipeleke kwa huyo fundi."

Idarusi ni Mwislamu, Jumapili hafungi. Aliinama dirishani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni wewe umenitia kwa shimo?"

Idarusi akamgeukia Ngigi. Ngigi alitazama viatu vyake. "Ilikuwa ya mathe. Sikukuambia."

"Ungesema ni ya mama, ningempima mama. Mimi nilipima gari."

Akaleta jeki kubwa ya magurudumu, akaiingiza chini ya gari upande alioketi mama, akakaza magurudumu ya upande wa pili kwa mawe. Akaanza kuipiga jeki, taratibu, Bi Waringa akiwa ndani, miguu nje, mkongojo mkononi.

"Hapo, mama?"

"Bado."

"Hapo?"

"Bado. Ongeza. Ongeza kidogo. Hapo! Simama hapo."

Idarusi akasukuma mawe chini ya gari ili lisirudi, akapima kwa futi kutoka ardhini hadi kitini. Akaongeza nusu inchi, kwa sababu springi huzama mtu akikaa, kisha akaandika namba kwa chaki kwenye mlango. "Springi zako za zamani," alimwambia Ngigi, "na spesa nyembamba. Basi."

Bi Waringa akachomeka mkongojo chini. Ngigi aliruka kumshika, na Idarusi akamvuta shati kwa nyuma.

Mama akajisukuma mara moja, akapumzika. Akajisukuma tena, akasimama wima. Akaufunga mlango kwa kishindo, akarekebisha kitambaa chake cha kichwa.

"Choo kiko wapi?" akauliza. "Tangu asubuhi nimejizuia."

Idarusi akamwonyesha nyuma ya gereji. Mama akaenda peke yake.