Taya Lile Lile

Mdomo wa chini wa Khadija ulikuwa na ganzi tangu alipopasuliwa taya. Chai ikimtiririka kidevuni hakuwa na habari mpaka aione kwenye leso. Alishazoea.

Miaka mitatu nyuma, daktari alitaja neno moja tu: tyuma, yaani uvimbe. Kwao Matungu neno hilo ni jina la pili la kansa. Watu wa Swaibu, mchumba wake, waliivunja posa kwa upole, kwa salamu nyingi na dua, na Asiya, dada ya Swaibu, aliyekuwa akimwita wifi hata sokoni mbele za watu, akaanza kumwita Khadija.

Leo Asiya ndiye aliyemsindikiza Kakamega kupigwa picha ya taya. Alitumwa na mama yake, wala hakuficha: Swaibu alikuwa hajaoa, na nyumbani walitaka kujua kama ile tyuma imerudi.

Daktari Chepng'etich aliiinua picha kwenye mwanga. Haikuwa imerudi. Akawaeleza polepole kwamba mtoto akiwa bado tumboni, utando wa ufizi huzama ndani kutengeneza meno. Kazi ikiisha, vipande vidogo hubaki vimelala. Vingine huamka ukubwani vikafanya kifuko mfupani. Vipo vifuko vinavyoletwa na jino bovu, lakini cha Khadija kilitokana na masalio hayo. Hakuna aliyemfanyia, wala hakujifanyia.

"Kwa hivyo si tyuma?" Asiya akauliza.

"Kwa miaka kadhaa wataalamu walikiweka kwenye kundi la tyuma. Sasa wamekirudisha kwenye vifuko. Ila kina tabia ya kurudi, kwa hivyo tutapiga picha kila mwaka."

Hayo ya mwisho hayakumfikia Asiya. Kabla hawajafika langoni alikuwa ameshatoa simu.

"Wifi, ngoja nimpigie mama. Kumbe tulikuwa tunaogopanga bure."

Wifi. Khadija alilisubiri neno hilo limguse, jinsi anavyoujaribu mdomo wake kwa kidole kila asubuhi. Halikugusa popote.

"Mwambie kilichobadilika ni jina," alisema. "Taya ni lile lile. Na mwaka ujao nitakuja peke yangu."

Asiya akacheka. "Peke yako, na mume unaye?"

Simu ilikuwa imeanza kuita. Khadija aliushika mkono wa Asiya, bila ukali, akaikata.

"Niite Khadija tu," alimwambia. "Nimelizoea."