Kikopo cha Asubuhi

Watu wa utafiti waliingia mtaani na kasha la baridi, kalamu na vikopo vyenye vifuniko vya kukaza. Walikuwa wanatafuta kifua kikuu. Hawakwenda kwa wagonjwa waliolala, maana hao wanajulikana. Walikitafuta kwa watu wanaotembea, wanaopika, wanaocheka na kufanya kazi zao, ndiyo maana walibisha hodi nyumba baada ya nyumba.

Wakafika kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Nyumba hiyo ilikuwa na watu wanne. Fundi mwenyewe, ambaye mchana alikuwa kazini. Mkewe, msusi, aliyesukia watu barazani. Mtoto wao mchanga, aliyepewa jina la babu yake na kwa hiyo wote walimwita Mzee, ingawa hata jino hakuwa nalo. Na dada yake fundi, binti ambaye mtaa ulimwita Bubu kwa sababu salamu yake ilibidi uiombe tena na tena.

Bubu alikuja kwa kaka yake mama yao alipofariki, akiwa ameacha shule njiani. Alifagia, alipika, alifua, na alimbeba Mzee. Mzee alikaa mgongoni kwake tangu asubuhi mpaka jua linazama, akimlowesha mate shingoni. Kuna watu wana shamba, kuna watu wana cheo. Bubu alikuwa na Mzee, na hakuomba kingine.

Binti wa utafiti alivuta kigoda. Msusi alikuwa na mteja kati ya magoti yake, anachoma ncha za rasta kwa kiberiti cha gesi.

"Mama, umekohoa kwa wiki mbili au zaidi?"

"Mimi? Sikohoi," akasema msusi, na hapo hapo akakohoa.

"Si umekohoa sasa hivi?"

"Huu ni moshi, mdogo wangu. Njoo ukae hapa kutwa unachoma rasta, uone kama hutabweka."

Mteja alicheka mpaka kichwa kikatikisika. "Tulia wewe, nitakuchoma sikio!" akasema msusi, naye akacheka. Binti wa utafiti akacheka pia, akaandika kwamba mama hakohoi.

"Umekonda lakini, mama."

"Mwulize huyo Mzee. Ananinyonya kama ananidai."

Kisha binti wa utafiti akamgeukia Bubu, akamwuliza swali lile lile. Ni kweli Bubu alikuwa anakohoa, hasa akiinama kuwasha jiko. Kudanganya kunataka maneno, na yeye maneno hakuwa nayo karibu. Akaitikia kwa kichwa.

Akapewa kikopo chenye jina lake. "Kesho ukiamka, kabla hujala, vuta pumzi, ukohoe kutoka chini kabisa. Nataka makohozi, mate sitaki. Nitapita kukichukua."

Asubuhi Bubu alisimama nyuma ya jiko na kikopo mkononi, Mzee mgongoni. Msusi akatoka, khanga imefungwa kifuani, hajanawa uso.

"Wifi, umeshakohoa?"

Bubu akatikisa kichwa.

"Sikiliza. Hicho kikitoka na TB, cha kwanza kaka yako atakutoa mtoto mgongoni. Na mimi hapa nani ataleta kichwa chake nimsuke? Watasema nyumba ile ina ugonjwa. Lete nikukoholee mimi. Changu ni moshi tu. Mashine itatafuta wee, itachoka."

Bubu aligusa mguu wa Mzee uliokuwa unaning'inia ubavuni kwake. Akatoa kikopo.

Msusi alikohoa kama mtu anayevuta ndoo nzito kisimani. Alipomaliza alishika ukuta kidogo, macho yamejaa machozi, kisha akakaza kifuniko. "Haya. Nimekusitiri, wifi yangu."

Zikapita siku. Watu wa utafiti wakahamia mtaa wa pili, na majibu yakaletwa na mhudumu wa afya wa zahanati, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia abiria, ambaye wote walimwita Mama Vidonge. Alimwita Bubu pembeni. Lakini ua ule haukuwa na pembeni.

"Mwanangu, usiogope. Kikopo chako kimekutwa na TB. Inatibika. Utakuja kila asubuhi, utameza mbele yangu, utapona."

Bubu alimtazama wifi yake. Kitana kilikuwa kimesimama katikati ya kichwa cha mteja. Kikasimama kitambo. Halafu kikaendelea kuchora njia, taratibu, mpaka kisogoni.

Jioni kaka yake alirudi, akaambiwa. Hakugomba. Alikwenda nyuma ya Bubu akafungua mbeleko kwa mikono yake mwenyewe, mikono iliyozoea vyuma, ikasumbuka na lile fundo.

"Si kwa ubaya, dada. Mpaka upone."

Akamkabidhi mkewe mtoto.

Tangu siku ile Bubu alitengewa sahani na kikombe, akalazwa jikoni. Mzee alishinda mapajani kwa mama yake na akalala kifuani kwake. Bubu aliwasikia kupitia ukuta, mama anakohoa, mtoto anashtuka, analia, ananyamazishwa. Aliyasikia yote kama mtu anayesikia redio ya jirani. Alitegemea kulia, kilio hakikuja. Alitegemea hasira, nayo ikapita mbali. Mwili wake wote ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Unajua ni wako, lakini ukiufinya haukuambii kitu.

Alijaribu mara moja, wifi yake akiwa anaanika nepi.

"Wifi."

"Nini?"

"Kile kikopo."

Msusi hakugeuka. "Kina jina la nani?"

Msusi akaminya nepi mpaka maji yakaisha, akaendelea kuiminya.

Kule zahanati, Mama Vidonge alimwekea dawa kiganjani na kikombe cha maji mbele yake. Bubu alizitazama.

"Si yangu," akasema.

"Eti?"

"Si yangu."

"Nini si yako?"

"TB."

Mama Vidonge alicheka mpaka kiti kikalia. "Wote husema hivyo, mwanangu! Jana babu mmoja kaniambia yake ni ya shemeji yake, kaazimwa tu. Meza."

Hakumeza. Hakuwa anakaidi. Mdomo ulikataa kufunguka, na yeye hakuwa na nguvu za kuulazimisha. Kesho yake ikawa vile vile, na kesho kutwa. Mama Vidonge aliacha kucheka. Alivaa viatu vyake, akachukua mkoba. "Twende kwenu. Mimi sitaki kukuzika."

Walimkuta fundi yuko nyumbani anakula. Msusi alikuwa barazani, Mzee anamnyonya. Mteja hakuwepo. Habari ilishatembea.

"Dada yako hamezi dawa," alisema Mama Vidonge bila hata kukaa.

Fundi akaacha tonge. "Bubu, unataka kufa?"

Bubu alitazama chini. Kwa mara ya kwanza tangu siku zile kitu kilimfinya, akajua ni nini. Mzee alikuwa ameachia ziwa, uso wake uko chini kabisa ya mdomo wa mama yake, na mama alikuwa anajizuia kukohoa, mabega yanatetemeka.

"Kikopo kilikuwa changu," akasema. "Aliyekohoa ni wifi."

"Mwongo!" Kikohozi kikamponyoka msusi pamoja na neno. "Mwongo huyu! Siku zote kinywa kimeshonwa, leo anakifungua kunisingizia mimi niliyemsitiri!"

"Umemsitiri na nini?" aliuliza fundi.

Msusi akavuta khanga, akamfunika mtoto.

"Nakuuliza, mke wangu. Umemsitiri na nini?"

Mama Vidonge alifungua mkoba, akatoa vikopo viwili. "Mimi si hakimu. Kohoeni hapa hapa, nawaona."

"Si mlisema asubuhi?" alisema msusi kwa sauti ndogo.

"Cha asubuhi nilishakiona, mama."

Msusi alimpa mumewe mtoto. Akashika kikopo, akakitazama. "Nilidhani ni moshi," akasema, si kwa mtu yeyote. Akakohoa. Bubu naye akakohoa, kwa zamu yake, kwenye chake.

Mama Vidonge akaweka sheria za nyumba. Mtoto ataanza dawa ya kumkinga. Mama atanyonyesha akiwa amefunga kitambaa mdomoni, akimaliza ampe baba. Madirisha yawe wazi.

"Na mimi?" aliuliza Bubu. "Nimbebe?"

"Wewe subiri. Kifua chako hakuna aliyewahi kukipima."

Akaondoka na vikopo vyake. Mawifi wawili walibaki barazani, kila mmoja upande wake wa mlango, vitambaa midomoni.

"Umeniumbua, wifi," alisema msusi baadaye.

"Ndiyo."

Ndani, fundi alikuwa anatembea na Mzee begani chumba kizima, anampigapiga mgongoni kama anayejaribu chuma kama kimepoa. Mtoto akalipuka kilio. Wanawake wote wawili waliinuka nusu, mikono mbele, kisha kila mmoja akamwona mwenzake, wakaketi tena.

Mzee alilia, akalia, mpaka akazoea bega lile.