Mtambo wa Vasram

Asubuhi ya kuzindua hospitali ya kifua kikuu, Jesingbhai, tajiri ambaye watu humwita Sheth, alivishwa mashada ya maua mpaka kidevu kikazama. Mwenye viwanda vya nguo hapa Ahmedabad, leo anaitwa baba wa maskini, na jina lake limechongwa juu ya mlango kwa herufi zisizo na haya. Mwenyewe hakuwa na raha hata chembe. Jana alipita wodini, akakuta vitanda vimejaa wafumaji wake. Kimoja tu kiliachwa wazi kwa ajili ya sherehe.

Alijua kwa nini. Ujanani babake alimtupa kwenye mtambo wa kufuma ajifunze kazi, na aliyemfundisha ni mfumaji Vasram. Kijiti kinachopitisha uzi mtamboni kikiisha uzi, mfumaji hutia mpya, huweka mdomo kwenye tundu la kijiti, hunyonya mpaka uzi utokeze. Kijiti hichohicho hunyonywa na mfumaji wa zamu ya mchana na wa zamu ya usiku. Vumbi la pamba linaingia, na kikohozi cha mwenzako pia. Baadaye, Jesingbhai akiwa tajiri, wakala mmoja wa vifaa vya viwandani alimletea vijiti vipya visivyohitaji mdomo. Jesingbhai akamjibu mbele ya wafumaji: "Midomo Mungu kanipa bure, hivyo vya nini?" Watu wakacheka. Aibu ya maneno yale ilimkaa kooni. Akajenga shule, akachimba visima, sasa hospitali, na bado haikutoka.

Mgonjwa wa kulazwa mbele ya umati alikuwa Vasram mwenyewe, mifupa mitupu, ameegemea bega la mwanawe Dahya.

"Kaka Vasram, umekonda hivi?"

"Nimejipunguza nisikuvunjie kitanda kipya." Vasram alicheka, akakohoa mpaka machozi. "Sheth, nina ombi moja tu. Mtambo wangu mpe Dahya. Mwekee mkono hapa, watu waone."

Desturi ndiyo hiyo: mfumaji akiondoka, mtambo humwendea mwanawe, na mkono wa tajiri kichwani ndiyo ajira yenyewe. Dahya alikuwa ameshainama. Kifua kipana, ndoa ya juzi tu.

Mkono wa Jesingbhai ukagoma.

"Nitampa kazi ya kulinda geti hapa hospitali," alisema.

Kicheko kikamkauka Vasram. "Geti ni moja, Sheth. Mdogo wake utampeleka geti gani? Na watoto wa hawa?" Akaonyesha wodi kwa kidevu. "Nimekukosea nini?"

Jesingbhai akamsogelea sikioni. "Hujanikosea. Mimi ndiye niliyekuua, kaka. Kile kijiti. Nilijua."

Alingoja atukanwe. Alitamani atukanwe. Lakini Vasram alimtazama vilevile alivyokuwa akimtazama zamani, Jesingbhai alipokuwa mwanafunzi wake mgumu wa kuelewa.

"Kumbe ulidhani ni siri yako? Tunajua tangu enzi za baba yangu. Siku ile ya wakala mimi ndiye niliyecheka kuliko wote. Mke wangu alikuwa na mimba ya huyu. Ulitaka ninune, nifukuzwe kazi?"

"Nitavinunua vile vipya. Naapa."

"Vinunue. Vikifika, Dahya atavitumia. Lakini leo jioni nyumbani wanataka kula. Weka mkono, watu wanangoja."

Jesingbhai akaweka mkono. Nywele za kijana zilikuwa zimepakwa mafuta kwa ajili ya siku hii, na kiganja chake kikateleza kidogo. Umati ukapiga makofi, ukamwita baba wa maskini mpaka sauti zikafika barabarani, na yeye akatamani ardhi immeze.

Dahya akamgusa miguu kwa heshima, akainuka na furaha yake yote usoni.

"Nianze lini, Sheth?"

Jesingbhai alitaka kumwambia asubiri.

"Leo usiku," Vasram alimjibu mwanawe. "Kijiti changu nimekuachia juu ya mtambo."