Sumaku ya Arobaini na Moja

Kila siku ya kazi, saa mbili na dakika kumi asubuhi, baba yangu huniamuru nitoke handakini. Alifariki miaka tisa iliyopita.

Ni sauti yake tu, waliyoirekodi mashine ilipokuwa inajengwa. Walitaka sauti nzito isiyotisha, wakamwita yeye, fundi wa sumaku. "Handaki linafungwa," anasema. "Ukiwa ndani, bonyeza kitufe chekundu." Halafu anakohoa kidogo, kikohozi ambacho hakuna aliyekumbuka kukifuta, kisha anauliza: "Kuna mtu?" Baada ya hapo ni sekunde kumi za kimya. Mlango wa chuma unajifunga, na protoni, chembe za ndani ya atomi, zinaanza safari yao.

Mama huniuliza jambo moja tu nikirudi kutoka kazini. Haniulizi nimekula nini wala nimechoka kiasi gani.

"Amekohoa leo?"

"Amekohoa, Mama."

"Haya. Nawa mikono."

Niliajiriwa pale maabara mwezi mmoja baada ya kuhitimu. Mashine yetu ina urefu wa mita mia tatu. Inazisukuma protoni hatua kwa hatua mpaka ziende mbio kiasi cha kutisha, kisha inazigongesha kwenye bonge la metali. Bonge linatoa chembe nyingine, nyutroni, na kwa hizo watafiti wanachungulia ndani ya vitu bila kuvivunja: betri, dawa, mzizi wa mmea unaokunywa maji. Nilipoona kwa mara ya kwanza picha ya maji yakipanda ndani ya mzizi, nilitokwa na machozi mbele ya watu, na sioni haya kusema hivyo. Watafiti walikuwa wakingoja miaka miwili kupata nafasi ya siku tatu. Ndiyo maana tulitaka kuongeza nguvu ya mashine, kutoka kilowati mia mbili hadi mia nne, ili kila jaribio lichukue nusu ya muda.

Kilichotuzuia kilikuwa kwenye sumaku ya arobaini na moja.

Kazi ya sumaku zilizopangwa handakini kote ni kuubana mwale wa protoni usitawanyike, ukae katikati ya bomba. Protoni zikimwagika pembeni, zinaichoma metali ya bomba, nayo inabaki na mionzi. Zikimwagika nyingi, hakuna fundi atakayeruhusiwa kuingia tena kutengeneza kitu kwa mikono. Katika chumba cha udhibiti palikuwa na spika ndogo iliyounganishwa na kipimo cha pale kwenye arobaini na moja. Kila protoni zilipomwagika, ililia: tik. Tik, tik. Halafu kimya. Tik.

"Mzee anabisha hodi," Mkuu wa Zamu aliniambia siku yangu ya kwanza. Alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na alikuwa amefanya kazi na baba miaka kumi na mbili.

"Karibu, Mzee!" wakaitikia wote, bila kuinua macho kutoka kwenye skrini zao.

Walicheka. Mimi sikucheka. Baba alikuwa na tabia ya kugonga meza kwa ukucha akiwa anafikiri. Tik, tik. Kimya. Tik.

Sumaku ile aliipanga yeye mwenyewe, na ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho kabla ya kulazwa. Ubavuni aliandika kwa kalamu nyeusi, kwa herufi kubwa: USIGUSE. Tangu siku hiyo hakuna aliyeigusa. Mwale ulipoyumba pale, waendeshaji waliusukuma kwa sumaku ndogo za jirani, huku kidogo, kule kidogo. Waliita hivyo "kumpisha Mzee". Kila anayepokea zamu alifundishwa kumpisha Mzee kabla hajafundishwa choo kiko wapi.

Kwa kilowati mia mbili ilitosha. Jumatatu ile tulipojaribu mia tatu, tik zikaungana zikawa kama mvua juu ya bati, na mashine ikajizima yenyewe. Tulijaribu mara nne. Ijumaa jopo la wakaguzi lingekuja kuamua: mashine ipandishwe nguvu, au ibaki hivyo hivyo na sehemu mpya ya majaribio isijengwe kabisa.

Nilichukua majedwali ya vipimo nikakaa nayo siku nzima. Kila mwaka wapimaji hupita handakini na leza kuangalia kila sumaku imekaa juu au chini kiasi gani. Sakafu hutulia, zege hupumua, hivyo namba hubadilika. Sumaku ya arobaini: kila mwaka namba yake. Ya arobaini na mbili: kila mwaka namba yake. Ya arobaini na moja: miaka tisa, namba ileile, mpaka sehemu ya mia ya milimita.

Ni tarehe ya kaburini tu isiyobadilika hivyo.

Nikamtafuta mpimaji wetu. Kila mtu alimwita Milimita, hata mkewe.

"Hii namba uliipima lini?" nikamwuliza.

Alitazama jedwali, akatazama viatu vyake. "Binti, cheti chako bado kinanuka wino, na wewe unakuja kunihoji?"

"Kaka, uliipima lini?"

"Sikuipima." Akavuta kiti, akakaa. "Nilivyoanza kazi niliambiwa ile ni ya Mzee, andika namba yake. Nikaandika. Aliyenitangulia naye aliandika. Wewe ungeweka leza juu ya kaburi la mtu?"

"Leza haigusi."

"Haigusi, lakini inasema. Ikishasema, tutafanyaje?"

Swali hilo nilikuwa nalo mimi pia. Kama sumaku imekaa vibaya, basi aliyeipanga vibaya ni baba. Picha yake ilikuwa ukutani, pale tunapopita kwenda kunywa chai: Fundi Aliyetufundisha Usahihi. Mimi mwenyewe niliajiriwa na watu waliosema, "Mtoto wa nyoka ni nyoka," wakimaanisha mema.

Jioni nilimweleza Mama. Alikuwa anakunja nguo. Akaendelea kukunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Baba yako alikuwa anarudi hapa anapima meza kama imelala sawa," akasema. "Chai yangu ikiegemea upande mmoja, anaweka karatasi chini ya mguu wa meza. Leo useme alikosea?"

"Sijui kama alikosea, Mama. Nataka kupima tu."

"Wamo wengi mle. Apime mwingine." Akaliweka shati. "Usiwe wewe wa kumfukua baba yako."

Asubuhi yake, nje ya mlango wa chuma, sauti ikakohoa na kuuliza, "Kuna mtu?" na zile sekunde kumi zikawa ndefu kuliko siku zote. Nilisimama nikifikiri: wako watu, Baba. Wamejipanga miaka miwili kusubiri siku tatu. Na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba namba isiyopimwa ni uvumi.

Alhamisi mashine ilizimwa. Tulisubiri saa zinazotakiwa mpaka handaki liwe salama, halafu Mkuu wa Zamu akanipa kibali mkononi. Alikuwa amekwisha kukisaini.

"Mama yako amenipigia simu," akasema.

"Amesema nini?"

"Amesema nikukataze. Nikamwambia mumewe angenifukuza kazi kwa kukataza kipimo. Amekata simu." Akashusha miwani ya kichwani juu ya ile ya machoni, akaipandisha tena. "Nenda, mwanangu. Mimi ndiye niliyeanzisha huko kumpisha. Miaka tisa nampisha mtu ambaye hapiti."

Handaki lina joto kavu na harufu ya vumbi lililoungua. Milimita alisimika leza yake kwenye miguu mitatu, na tukaanza na ya thelathini na tisa ili mikono izoee. Ya arobaini. Kisha ile. Rangi yake ya buluu ilikuwa imepauka, na neno lilikuwa pale, herufi zilizosimama wima kama zile alizokuwa akiandika juu ya madaftari yangu ya shule.

Milimita alipima mara tatu. Safari hii hakufanya mzaha.

"Imeshuka milimita moja na robo."

Kwa seremala hiyo si kitu. Kwa mwale wetu ilikuwa kama kumwambia mtu apite mlangoni huku fremu imesogezwa usoni pake. Mwale ukiwa mwembamba ulipita kwa kusukumwa. Kila tulipoongeza nguvu ulinenepa, ukakwaruza.

"Basi alikosea," nikasema. Sauti yangu ilirudi kutoka upande wa pili wa handaki, na sikuitambua.

Ili kuipandisha ilibidi kulegeza bomba la maji ya kupooza linalopita ubavuni. Mabomba yale yalibadilishwa wiki ileile ya mazishi. Aliyeyafunga alijitahidi kwa heshima asilifunike lile neno, akapitisha mkanda mpana wa chuma chini yake tu. Nililegeza skrubu mbili, mkanda ukaanguka mkononi mwangu.

Chini ya neno kulikuwa na mstari mwingine, wa herufi ndogo.

*mpaka nirudi. Sakafu bado inashuka. Pima upya.*

Tulisoma wote wawili. Milimita akavua kofia yake ngumu, akaishika kifuani. Mimi nilipiga magoti, nikaweka kiganja juu ya yale maandishi. Chuma kilikuwa na joto la mwili wa mtu. Najua ni joto la handaki. Mwezi ule alioandika hayo, walikuwa wameweka matofali mazito ya zege ya kukinga mionzi pembeni mwa sehemu ile, na yeye alijua sakafu ingelala chini ya uzito huo. Aliiweka sumaku kwa muda tu. Alitaka kurudi.

Miaka tisa alikuwa anasubiri mtu aisome sentensi yake mpaka mwisho.

"Tumemweka kizuizini," Milimita alisema taratibu.

Tuliipandisha kwa boliti nne, robo kwa robo, yeye akisoma leza na mimi nikizungusha. Alasiri tukawasha mashine. Mia mbili. Mia tatu. Kwenye mia nne Mkuu wa Zamu aliinua mkono watu wanyamaze, lakini tayari walikuwa wamenyamaza. Spika haikulia. Tukangoja. Kijana mmoja wa zamu akafungua mdomo kusema "Karibu, Mzee", akaufunga.

Nilikuwa nimeota siku hiyo kama sherehe. Badala yake nilitazama ile spika nikatamani igonge mara moja tu.

Jopo lilipitisha. Nilimpelekea Mama picha ya ule mstari. Aliikuza kwenye simu, akaisoma mpaka neno la mwisho, akarudi mwanzo.

"Aliniambia hivyohivyo mimi," akasema. "Hospitali. 'Usiguse meza yangu mpaka nirudi.'" Ile meza ilikuwa bado chumbani, na karatasi zake juu yake. Asubuhi nilipoamka alikuwa ameshazipanga karatasi pembeni, na alikuwa anaifuta meza kwa kitambaa chenye maji.

Jumatatu ilikuwa zamu yangu ya kupekua handaki kabla halijafungwa. Mimi na Milimita tulitembea mita zote mia tatu, tukibonyeza vitufe vya ukaguzi na kuita kila pembe. Tukatoka. Sauti ikaanza. Handaki linafungwa. Kikohozi.

"Kuna mtu?"

Milimita alishika mpini wa mlango akanitazama. Sekunde zilikuwa zinakwenda.

"Hakuna, Baba," nikasema. "Sote tumetoka."

Mlango ukajifunga.