Mito ya Chama cha Kifua

Mwaka huo wa sabini na sita, jeshi lililoogopwa na Uganda nzima lilimwogopa fundi cherehani mmoja mwenye mbavu za kuhesabika, mkimbizi kutoka Butembo, Zaire, aitwaye Stanislas. Kila Jumatatu na Alhamisi, lori la Semakula lilipofika kwenye kizuizi cha askari kati ya Kisinga na Bwera, Stanislas alisimama juu ya mikungu ya ndizi, akashika kifua kwa mikono miwili na kukohoa. Alikohoa kwa ufundi. Alianza chini tumboni, akapanda taratibu, akamalizia kwa mluzi mwembamba uliowafanya hata mbuzi wa barabarani wageuke. Kisha alitema ndani ya kopo lake la mfuniko, kwa adabu zote, akamnyooshea askari aliyekuwa karibu kama anayemkaribisha uji. Askari waliozoea kuwavua watu saa na viatu walirudi nyuma hatua kumi na kupunga mikono.

"Pita. Pita, pita, pita."

Lori likapita, na ndani yake watu kumi na mmoja wa Chama cha Kifua wakiwa wamekumbatia mito yao.

Mwenyekiti wa chama hicho alikuwa Kabugho, mama wa miaka hamsini na kitu, mdomo wake haukuwa na breki. Mwaka mmoja nyuma alikuwa amelala miezi miwili katika hospitali ya misheni kule Kisinga, akidungwa sindano ya kifua kikuu kila asubuhi mpaka makalio yakawa hayajui pa kukalia. Aliporudi Bwera alikuta kikombe chake kimetundikwa kwenye msumari nje ya nyumba. Kanisani alipewa benchi zima peke yake. Shemeji yake, ambaye zamani alikuwa haondoki mpaka chungu kiishe, sasa alikuwa anamsalimia kutoka barabarani. Kabugho hakulia. Alikasirika, na hasira yake ndiyo iliyozaa chama.

Chama hakikuwa na ofisi wala muhuri. Kilikuwa na watu waliougua na wasiotaka kukaa kimya. Walizunguka nyumba kwa nyumba kuwatafuta waliofichwa, na waliwapata. Elise, binti wa Kikongo mwenye miaka ishirini, walimtoa nyuma ya zizi la mbuzi ambako shangazi yake alikuwa anampelekea chakula kwa kukisukuma na fimbo. Usafiri wa kwenda kudungwa sindano mara mbili kwa wiki waliupata kwa njia rahisi: waliingia sebuleni kwa Semakula mwenye lori, wote kumi na mmoja, wakakaa kwenye viti vyake vya vitambaa vyeupe, wakasema wana shida ndogo na hawana haraka. Kabla chai haijachemka Semakula alikuwa amekubali kuwabeba juu ya ndizi bila nauli.

Na kila Ijumaa, siku ya soko la Mpondwe, Kabugho alipanda juu ya kreti ya soda akahubiri. Aliwaambia watu wawalete wagonjwa wao mapema. Aliwaambia kwamba mtu aliyekula dawa miezi miwili, na makohozi yake yakapimwa yakakutwa safi, haambukizi mtu tena. "Kula naye. Kunywa naye. Lala naye, kama atakukubali," alisema, na wachuuzi wa Beni wakacheka mpaka wakasahau bei. Daktari ndiye aliyemwambia hivyo, na Kabugho aliyashika maneno hayo kama alivyowahi kushika katekisimu, tena vizuri zaidi.

Shida ilikuwa mito.

Dawa ile ilikuwa inachoma tumbo tupu, na matumbo ya chama yalikuwa matupu. Sukari ilikuwa imeadimika, na sabuni ilizungumziwa kama ndugu aliyehamia mbali. Vyote hivyo vilikuwepo ng'ambo ya mpaka, Zaire, kwa yeyote aliyefika na kahawa. Kahawa ilikuwa inashuka kutoka Kitswamba mpaka Kisinga, ikakwama hapo kwa sababu ya askari. Sasa nani alikuwa na roho ya kupekua mto wa mgonjwa wa kifua? Stanislas alishona mito kumi na mmoja ya kitambaa cha godoro, chama kikaijaza kahawa, na kwa miezi mitatu watu waliopimwa wakakutwa na kilo thelathini na tisa walianza kuota mashavu. Kabugho hakuona haya hata kidogo. Serikali iliyoshindwa kumpa mgonjwa yai haikuwa na ruhusa ya kumuuliza alilipata wapi.

Kilichomsumbua kilikuwa kitu kingine, na kitu hicho kilikuwa kinauza chai pale pale kwenye kizuizi.

Tumukunde alikuwa mke wa mwanawe. Alitoka Kigezi, hakukijua vizuri Kikonzo, lugha ya hapo, kwa hiyo yeye na mama mkwe wake walikuwa wanaongea Kiswahili cha njiani. Mumewe alikuwa mgodini Kilembe na alirudi mwisho wa mwezi tu. Tumukunde aliwachemshia askari chai kuanzia asubuhi, mtoto mgongoni. Mtoto huyo, Mbambu, alikuwa na miezi mitatu, na Kabugho, aliyewalea dada watatu wakubwa wa mtoto huyo, hakuwahi kumshika hata mara moja.

Alhamisi moja, askari walipokwisha kukimbia, Kabugho aliteremka kwenye lori akaomba chai. Tumukunde alimmiminia kwenye kopo lililowekwa kando kwa ajili yake peke yake, akaliweka chini na kurudi nyuma.

"Nipe nimshike kidogo," Kabugho alisema. "Wewe una kazi."

"Bado, mama."

"Bado nini? Mimi nilipona. Daktari alisema."

"Daktari iko Kisinga. Mimi niko hapa, naona." Tumukunde aliwaonyesha askari kwa kidevu, wamejipanga ng'ambo ya barabara kama watoto walioona nyoka. "Hii watu haiogopi padri. Haiogopi mutu yoyote. Lakini wewe nakuja, yote nakimbia. Sasa mama, mimi nikupe mutoto namna gani?"

Kabugho alikuwa na jibu. Alikuwa nalo hapo hapo kwenye ulimi, kwamba kikohozi kile ni cha kuigiza, lakini juu ya lori kulikuwa na mito kumi na mmoja. Akanywa chai yake, akarudi juu ya ndizi. Iliuma. Iliuma kuliko sindano zote, na sindano alizijua.

Jioni hiyo aliwaambia wenzake waache kukohoa kizuizini. Wakamtazama kama aliyerudiwa na homa.

"Mama," Stanislas alisema kwa upole, "tuache kukohoa, tutakula nini? Miye niko na ngozi na mifupa tu. Batu benye afya baseme kweli."

Wakapiga kura. Kikohozi kilishinda kura kumi kwa moja.

Basi ikaendelea: Ijumaa juu ya kreti Kabugho alisema wanachama wake hawaambukizi, na Jumatatu juu ya lori akawaacha askari waamini kwamba kikohozi chao kinaua. Aliona vizuri sana kwamba kila hatua kumi walizorudi askari, mjukuu wake alisogea mbali hatua kumi. Lakini mwenyekiti anayepinga kura za wanachama wake ana tofauti gani na wale wenye bunduki?

Alhamisi iliyofuata lori halikuambiwa lipite.

Sajenti Isa, mkuu wa kizuizi, alisimama katikati ya barabara. Siku zote alikuwa wa kwanza kukimbia. Siku hiyo alikuwa ametanua miguu.

"Nyinyi yote, shuka. Na mito."

Wakashuka. Stanislas alishika kifua, akatoa kikohozi kizuri kuliko vyote alivyowahi kutoa. Bega la sajenti lilishtuka kwa mazoea, lakini miguu haikutoka.

"Wewe, nyamaza. Mama mwenyekiti, kuja hapa." Kabugho akasogea. "Ijumaa mimi nilikuwa Mpondwe, natafuta kandambili. Nasikia wewe juu ya kreti. Wewe nasema mutu ya dawa hapana ambukiza. Kula naye, lala naye. Leo huyu nakohoa kama ng'ombe. Sasa ambia mimi. Hii ugonjwa yenu naambukiza ao hapana?"

Kando ya barabara Tumukunde alikuwa amesimama na birika mkononi, chai ikimwagika nje ya kikombe bila yeye kuona.

"Useme iko inaambukiza," Stanislas alinong'ona nyuma yake. "Mama, useme mbiyo. Batatuua."

Hakuwa anatia chumvi. Mwezi uliopita mtu wa Karusandara alikutwa na kahawa kidogo ndani ya mfuko wa shati, akapelekwa kambini, na mkewe alikuwa bado anakwenda getini kila siku kumuulizia. Neno moja tu lilitosha. Angesema ndiyo, sajenti angeruka mtaro, lori lingeondoka, jioni kungekuwa na sukari. Na Tumukunde angelisikia neno hilo likitoka kinywani mwake yeye mwenyewe, na hapo hata kreti elfu moja za soda zisingelifuta.

Kabugho alivuta pumzi mpaka chini kabisa.

"Haiambukizi, afande. Tulipimwa wote, tuko safi. Huyu fundi anakohoa kwa maringo." Kisha akaongeza haraka: "Na mito yote ni yangu. Hawa nimewabebesha tu. Hawajui kilichomo."

Stanislas alifumba macho, akajipiga ishara ya msalaba.

Sajenti alichomoa singe. Alinyoosha mkono wote, kwa maana masikio yalikuwa yameamini lakini mkono bado, akachana mto wa Kabugho kutoka pembe hadi pembe. Kahawa ikamwagika juu ya viatu vyake. Akachana wa pili. Akachana wote kumi na mmoja, akasimama, kahawa ikimfika kifundo cha mguu, akifikiri, na ilionekana wazi kwamba kufikiri haikuwa kazi yake ya kila siku. Akiipeleka kambini, kapteni ataichukua yote. Tena kapteni atauliza mito hiyo ilipita hapo miezi mingapi, na mkuu wa kizuizi alikuwa nani.

"Mimi hapana ona kitu," alisema mwishoni. "Lakini nyinyi nacheza na serikali. Kichurachura. Mpaka mti ile, na kurudi."

"Huyu hawezi," Kabugho alisema, akimshika Elise bega. "Mifupa yake bado haina nyama. Nitaruka zamu yake."

"Ruka."

Kabugho alifunga gauni lake la gomesi kiunoni, akachuchumaa, akaruka. Watu kumi wazima na akili zao, mmoja mwenye wajukuu wanne, waliruka kama vyura katikati ya barabara ya serikali. Semakula alilaza kichwa juu ya usukani, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Stanislas aliruka huku akimtukana sajenti kwa Kifaransa chote alichofundishwa na mapadri, na katika safari nzima hakukohoa hata mara moja. Hakuna aliyekohoa. Kabugho alifika kwenye mti, akarudi, akageuka tena kwa zamu ya Elise. Magoti yalimlilia. Lakini kifua, kifua kilikuwa kinavuta hewa na kuitoa, kinavuta na kuitoa, na hakuna kitu ndani yake kilichokwaruza. Mwaka jana alikuwa hawezi kupanda kutoka mtoni na nusu debe ya maji. Ni aibu kusema, mwanamke wa umri ule na mapaja nje mbele ya jeshi, lakini alifurahi.

Alipomaliza alikaa chini barabarani, akihema.

Sajenti aliwaamuru vijana wake waokote kahawa. Wakaitazama, wakatazamana, hakuna aliyejongea. "Wewe mama chai," akasema. "Okota. Yote."

Tumukunde aliinama, na Mbambu akateleza mgongoni mpaka karibu na sikio. Akamrudisha, akamfunga upya, akainama. Mtoto akateleza tena na kuanza kupiga kelele. Tumukunde alisimama. Alimfungua mtoto na kutazama huku na huku. Askari walikuwa na bunduki. Semakula alikuwa na grisi mpaka kwenye viwiko. Elise alikuwa anatetemeka.

Akaja moja kwa moja mpaka alipoketi mama mkwe wake.

"Shika huyu," alisema, bila kumtazama. "Shika na kichwa."

Kabugho alimpokea. Alikuwa mzito kuliko alivyomkadiria miezi yote ile kwa macho, na alinuka moshi na maziwa. Mtoto alinyamaza, akamkazia macho bibi yake kama anayetaka kujua alikuwa wapi.

Tumukunde alianza kuzoa kahawa kwa viganja, na vumbi lake likapanda. Likamwingia Kabugho kooni. Alilimeza. Akalimeza tena, machozi yakamtoka, akajaribu kufikiria Mungu, akajaribu kufikiria daktari, na haikusaidia. Akageuzia uso begani, akakohoa mara mbili.

Askari mmoja alirudi nyuma. Stanislas, bingwa wa vikohozi, aliweka mkono mdomoni.

Tumukunde aliinua kichwa, viganja vimejaa. Alimtazama Kabugho, akamtazama mtoto.

"Mama, hiyo vumbi itampata mutoto," alisema. "Sogea kule, kwa kivuli."

Kisha akainama, akaendelea kuokota.