Kilo ya Tisa

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa kukabidhi kilo tisa.

Hali halisi ni hii. Nina miaka hamsini na miwili, ninafundisha kemia, na nina kilo themanini na saba. Daktari ameniambia nipunguze tisa kabla sukari haijapanda zaidi. Kwa siku kumi na moja nimefuata karatasi yake: nusu ya sahani mboga, robo wanga, robo nyama au samaki.

Katika ndoto, sahani yangu ina ua wa miti katikati. Upande mmoja umejaa mchicha. Upande wa pili wali kidogo umejikunyata. Ninajaribu kuvusha tonge moja, na mchicha mmoja mrefu anasimama.

"Unapeleka wapi hilo, baba?"

"Ni tonge tu."

"Wali una robo yake. Tonge likivuka leo, kesho sisi tutakuwa pambo la biriani."

Ilikuwa kweli. Nikarudisha tonge, na sahani ikawa ofisi.

Kuna foleni. Mbele yangu amesimama jirani yangu Mhando, amepakata kilo nne zinazokoroma.

"Hizi zote za bia, mwalimu," anasema. "Sizililii. Zako je?"

"Sijazikagua."

"Kagua. Kilo ukishaikabidhi, unasahau chakula kilichoileta na watu uliokula nao. Mke wangu katoa ya harusi yetu. Sasa ananiuliza tulijuana wapi."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia mimi ni fundi bomba. Ananipikia vizuri kuliko zamani."

Mezani amekaa mizani wa bafuni kwangu, amevaa miwani.

"Ya kwanza?"

"Chipsi mayai," nikasema.

"Weka."

Ya pili na ya tatu zilikuwa za soda. Ya nne, pilau za harusi za watu nisiowajua. Nne zilizofuata zilikuwa maandazi ya chumba cha walimu. Nilizikabidhi zote bila simanzi, na hapo hapo nikasahau ladha ya soda.

Ya tisa ilikataa kupanda mezani. Ilikuwa na joto, na ilinukia wali wa nazi.

Mizani akaisoma. "Mwaka themanini na tatu. Tanga, Chumbageni. Watoto watano na mama yao, sinia moja."

Nilipinga. Nilimweleza kwamba mafuta ya mwilini hujibadilisha baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo hakuna hata gramu moja ya mwaka ule iliyoweza kubaki.

"Uko sahihi, mwalimu," akasema. "Lakini nimeipima. Na tena si yako. Ina jina la Somoe binti Kombo."

Somoe binti Kombo ni mama yangu. Ana miaka sita kaburini.

Ninatazama chini na sakafu ni mkeka. Tuko uani kwetu, mwaka ule wa foleni za sukari, na maji ya karai yanang'aa kwa jua la adhuhuri. Tumezunguka sinia, kila mmoja anakula upande wake. Samaki, changu wa kupaka, yuko katikati. Haguswi mpaka mwisho, mama atakapomgawa. Mimi peke yangu nina mvi, na hakuna anayeuliza.

Mama anagawa. Fungu lake mwenyewe analisukumia kwangu kwa vidole viwili.

"Kula, mbavu zako zinahesabika. Mie nimekula jikoni."

Nilipokuwa na miaka kumi niliisikia kauli hiyo kila siku na sikuwahi kuihakiki. Sasa ninautazama mkono wake wa kulia. Vidole viwili vina mafuta ya samaki. Vitatu ni vikavu, na kiganja ni kikavu. Mtu aliyekula wali wa nazi kwa mkono hawi hivyo.

"Mama, hujala."

"We, nani kakufundisha kumpekua mamako?"

"Kemia."

"Basi mwambie kemia aje ale, samaki anapoa."

Ndugu zangu wanacheka hadi punje zinawatoka. Dada yangu Mwanahawa anasema nikimaliza kupekua nimwachie ukoko.

Mizani ananong'ona nyuma yangu. "Mwalimu, daktari amesema tisa. Iweke tuendelee."

"Nikiiweka, nitamsahau?"

"Adhuhuri hii yote. Na yeye ndani yake."

"Na nikibaki nayo?"

"Sukari haina huruma na mtoto wa mtu."

Nikaitazama kilo ile. Ilikuwa imelala miguuni kwa mama.

"Haiwekwi mezani," nikasema. "Inarudi kwa mwenyewe."

Mizani akavua miwani akaipangusa. "Hilo halikatazwi," akasema. "Ila hakuna aliyewahi kuomba."

Ninalisukuma lile fungu la samaki, kwa vidole viwili, mpaka upande wa mama. Analitazama kama mgeni aliyekosea nyumba. Anatutazama sote, mmoja mmoja. Kisha anakunja pindo la kanga, anamega, anakula.

Anakula polepole.

Niliamka saa kumi na mbili. Jana usiku sikula kitu ila tango na yai la kuchemsha, na vyote nilivila kwa uma. Niliwasha taa nikautazama mkono wangu wa kulia. Vidole viwili vilikuwa na mafuta, na vilinukia nazi. Vitatu vilikuwa vikavu.

Sasa ni saa nne. Sijanawa.